Kasa wa Feri

Kijijini kwao pwani, Sadalla ndiye aliyezungushia vijiti mashimo ya mayai ya kasa, mbwa wasiyafukue. Kisha wakahamishwa wote, wakapelekwa bara kuishi kijiji cha ujamaa kisicho na bahari. Ati maendeleo! Akatorokea Dar, akawa hamali Kariakoo.

Leo, nyama ikiwa adimu mjini kote, wavuvi wa soko la samaki la Feri walinasa kasa, wakamwita, wakampa kisu. "Sadalla, wewe ndiye mtu wa kasa. Chinja, upate fungu lako!"

Akachinja. Afanyeje, na wanawe wana njaa? Alipompasua, akakuta tumbo limejaa mayai.

Akachimba mchangani, akayafukia, akayazungushia vijiti. Wavuvi walimcheka. Hayataanguliwa kamwe, hilo alilijua kuliko wao. Akaokota fungu lake la nyama, akaenda zake nyumbani.