Waya Ulioungulia Sandukuni

Kila mwaka wanafunzi wangu hunibishia. Nikiwaambia kwamba chuma huungua, wananitazama kwa huruma, kana kwamba mwalimu wao amechoka na afadhali apewe likizo. Nachukua waya laini wa kusugulia sufuria, nauchambua, nauning'iniza upande mmoja wa mizani, kisha nawasha kiberiti. Ndimi za moto hazionekani. Ni wekundu tu unaotambaa kutoka uzi hadi uzi, ukirusha cheche ndogondogo, na mwishowe upande ule ulioungua unashuka. Darasa zima linapiga kelele. Wote walitarajia jivu liwe jepesi.

Mimi niliuona moto huo kabla sijajua kusoma vizuri, ndani ya sanduku la bati la mama.

Tulikaa kwenye kambi ya jeshi juu ya Bugolobi, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kampala vita vilikuwa vimekwisha, lakini kwetu kaskazini bado, na baba alikuwa amepelekwa huko huko. Wake wa askari pale kambini walikuwa na desturi yao: vitu vya sandukuni havitolewi vikapangwa chumbani. Amri ya kuhama ikija asubuhi, mchana uwe juu ya lori. Basi kila cha maana kilikaa sandukuni: Biblia ya mama, mkeka wa baba wa kuswalia, nguo za Jumapili, na shati jeupe.

Shati hilo baba alishonewa na fundi mmoja wa Nakivubo, na hakuwahi kulivaa. Alisema atalivaa siku atakayovua magwanda kwa mara ya mwisho. Mama alilichukua neno hilo kama kiapo. Maadamu shati lipo, mwenyewe atarudi. Alikuwa akilitoa na kulikunja upya, akilipapasa kola, mpaka nikalionea wivu.

Ukiacha shati, mama alikuwa mchoyo wa vitu viwili tu. Kimoja ni betri ya redio, ile ya mraba yenye vichwa viwili juu. Aliitia redioni saa ya habari, asikie mambo ya kaskazini, kisha akaichomoa isije ikaisha. Kingine ni waya wa sufuria, maana jirani akiuazima anakurudishia kutu. Vyote viwili alivificha sandukuni, chini ya shati, majirani wasivione.

Jumapili moja tulitoka kanisani, akarudisha gauni lake na kulisukuma sanduku uvunguni kwa mguu. Tukakaa kumenya mihogo. Harufu ya kitambaa kinachoungua ilipotufikia, mama alidhani ni pasi ya jirani, akaanza kumsema kwa sauti. Kisha moshi ukatoka chini ya kitanda chetu sisi.

Alipoinua kifuniko, waya ulikuwa umekumbatia vichwa vya betri, na wekundu unatembea ndani yake kama siafu. Alilivuta shati, akalikanyaga sakafuni. Mgongoni palibaki tundu la kupitisha kiganja.

Sijapata kumwona mama akilia vile, hata msibani. "Amekufa," alisema. "Mimi ndiyo nimemuua." Jirani yule yule wa pasi ndiye aliyekuja kumshika mabega. "Dada, shati si mutu," akamwambia. "Shona."

Leo naweza kueleza kilichotokea. Panga lisingeungua hivyo, ingawa nalo ni chuma, kwa sababu hewa hugusa ngozi yake tu. Waya ule ni nyuzi nyembamba, na kila uzi umezungukwa na hewa. Betri ikishaupasha uzi mmoja moto, unawasha wa pili. Na chuma kikiungua hakipotei. Kinashika kitu kutoka hewani na kubaki nacho, ndiyo maana kinazidi uzito. Nimesoma kwamba sasa wako wataalamu wanaosaga chuma kuwa unga, wanauchoma badala ya dizeli, wanakusanya kutu iliyobaki, kisha wanaiondoa ile hewa mpaka chuma kinarudi kilivyokuwa, tayari kuchomwa tena. Mama angewauliza swali moja tu: kinarudi kweli?

Alishona. Alikata kipande cha foronya, akakibandika mgongoni mwa shati kwa umbo la mfuko, ili lionekane limekusudiwa. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mke wa askari aliyewahi kulifanya pale kambini. Aliazima nyundo, akapiga misumari ukutani, akatoa kila kitu sandukuni. Shati akalitundika likitazama mlango.

"Lori ikikuja utalia," jirani alimwonya.

"Ikuje," mama akasema.

Lori halikuja. Mvua zilipokwisha alikuja baba, amekonda, anachechemea, jeshi limemwachia kwa sababu ya mguu. Alisimama mlangoni, akaliona shati kabla hajatuona sisi. Akavua magwanda, akalivaa, kisha akapeleka mkono nyuma.

"Hii mfuko ya mugongo ni ya nini?" Akaupapasa kutafuta mdomo, asiuone. "Na mbona haifunguki?"

"Iko ya kuweka safari yako," mama akamjibu. "Nimeshona pande yote."