Neno Nililomnyima Mwalimu Kerubo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa Jumatano, wazazi wamejaa bwalo la shule yetu ya wasichana kule Manga, nami nimesimama mbele yao nikiulizwa swali jepesi. Lakini acha nianze nyuma kidogo, umjue kwanza niliyemkosea.

Aliitwa Mwalimu Kerubo. Ndiye aliyeianzisha shule ile, wakati ambapo kwetu msichana akishajua kuandika jina lake watu walisema inatosha. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba akina baba mabinti zao. Kwetu alikuja mara tatu, baba akamfukuza. Mara ya nne alikuja na jembe. Akalima shamba la wimbi pamoja na baba mpaka jua la utosi, kisha akasema, "Mzee, najua Nyaboke anakulimia. Nitakuwa nakuja Jumapili nilime badala yake. Niachie huyu mtoto asome." Na alikuja kweli, msimu mzima. Hivyo ndivyo nilivyopata kuwa mwalimu. Nilipomaliza chuo alinichukua nifundishe kwake, tukakaa nyumba moja.

Hapo katikati alikuwa amekwenda kusoma Sri Lanka, akarudi amevutwa na mafundisho ya Buddha. Hakumhubiria mtu. Aliacha nyama tu, na kila asubuhi alikaa sakafuni chumbani mwake, mlango wazi, amenyamaza kama nusu saa. Nilimwuliza anaomba nini. Akacheka.

"Siombi. Naitazama hasira yangu mpaka itulie. Umesahau nilivyokuwa nikiwachapa?"

Sikuwa nimesahau, hata mimi alinichapa. Tangu aliporudi, kiboko hakikuonekana tena shuleni, na wasichana walifaulu kuliko zamani.

Lakini sisi ni watu wa kanisa, Waadventista huku, Wakatoliki kule, na asiyesali nasi tunamwogopa. Wanafunzi wawili walipougua homa ya matumbo muhula mmoja, maneno yakaanza kwamba ni yeye. Mwenyekiti wa halmashauri ya shule akaniita kando. "Binti yangu, yule mama akiondoka tutahitaji mwalimu mkuu. Na wewe ni mtoto wa hapa." Usiku ule nilijiona nimekikalia kiti chake.

Ndipo ikaja Jumatano ile.

"Mwalimu Nyaboke," mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu wote, "wewe unakaa naye. Anafanya nini kila asubuhi?"

Ningesema tu kwamba anakaa kimya, yangekwisha. Nikatazama viatu vyangu. "Sijui," nikasema. "Mlango huwa umefungwa."

Mwalimu Kerubo akanigeukia polepole. "Nyaboke, mlango ule haujawahi kufungwa."

Kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Omorogi!" Mchawi. Unajua kwetu neno hilo linaishia wapi. Limeshachoma nyumba na waliomo ndani. Aliondoka siku ile ile, kwa miguu, na kati ya wanawake aliowasomesha hakuna aliyempokea mzigo. Fadhila za punda ni mateke, nami nilikuwa punda wa kwanza.

Ukuu nikaupata. Kiboko nacho kikarudi. Mwezi haukuisha, akaja baba yake Moraa. Huyu Moraa alikuwa kidato cha tatu, hesabu akizifanya kichwani kabla sijamaliza kuziandika ubaoni. Mwalimu Kerubo alikuwa amekataa mara mbili asitolewe kwenda kuozwa. Mimi sikukataa. Niliogopa watu wasije wakasema nafuata nyayo za yule mama. Nikaamuru lango lifunguliwe. Moraa akasimama na sanduku lake, akanitazama.

"Mwalimu, nina mtihani Jumatatu."

Nikamwambia amtii baba yake.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu, nilikwenda Ikonge, alikokuwa akiishi Mwalimu Kerubo kwenye shamba la chai la kaka yake. Nilimkuta akichuma majani, mgongo umepinda. Akanitengea uji. Nikaanza kulia, namwomba msamaha.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Nilichoka kukubeba moyoni. Lakini Moraa je? Umekwenda kwake?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi kwangu umekuja kutafuta nini?"

Nilimaliza uji, nikaondoka. Alipokufa, mchungaji alikataa kumzika, na padri naye akakataa. Tulimzika watu tisa, na hakuna aliyeanzisha wimbo. Moraa, yeye anauza ndizi sokoni Marani. Nikipita huniita "Mwalimu" na kunichagulia mkungu mzuri. Nanunua, nashukuru, naondoka. Hadi leo sijamwambia neno. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu mimi ameshakuja, na hajui kwao.

Basi sikia, mwanangu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Si lazima uifuate imani ya mtu ndipo umtetee. Mimi Sabato bado naenda kanisani, na hilo halikunizuia kusema kweli. Kilichonizuia ni kiti. Siku watakapokuuliza habari za mtu aliyekutendea wema, nao wamekwisha kukasirika, sema ulichokiona, hata sauti ikitetemeka. Siku hizi mna simu, mtu anahukumiwa kabla hajafungua mdomo, nawe utajiambia kwamba neno lako dogo halina uzito. Mimi sikumtukana Mwalimu Kerubo wala sikumpiga. Nilisema maneno manne tu. Na ukishakosa, usimkimbilie aliye mwepesi wa kusamehe. Mwendee yule uliyemuumiza zaidi, mapema, kabla hujazoea kumpita.

Mungu akupe ulimi usiotishwa na umati. Akupe walimu wema, na akukumbushe kuwashukuru wangali hai. Nenda salama, mwanangu, uzeeke vizuri kuliko mimi.