Petroli ya Kufika Jumamosi

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya mwezi wa saba ambayo hunirudia kila nionapo mtu amewasha gari, akaliacha lingurume uani, akarudi ndani kunywa chai. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa dereva wa chama cha wakulima wa maziwa huku Londiani, na saa tatu asubuhi hiyo nilikuwa nimeketi ndani ya pikapu ya chama, pikapu yenyewe imelala juu ya michai, magurudumu ya mbele hayagusi ardhi. Wanawake wachuma chai walikuwa wamenizunguka na vikapu vyao mgongoni. Mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu amekuja kuchuma na gari."

Lakini ngoja nianze mwanzo, maana nikikimbilia hapo utanicheka kabla hujanielewa.

Ilikuwa miaka ya tisini, na dereva mwanamke upande huu alikuwa kitu cha kusimamisha watu barabarani. Nilijifunzia kwenye trekta ya baba. Chama kilipokosa dereva, nikaomba kazi, na kamati ikanipa kwa sababu siku hiyo hakuna mwingine aliyefika. Kazi yenyewe ilikuwa kumpeleka Bwana Rono kwa wanachama. Rono alikuwa daktari wa kupandisha ng'ombe kwa sindano, mtu mnene, mpole, mwenye kofia ya manyoya. Popote alipokwenda alibeba mtungi wa mbegu za fahali, na ndani ya mtungi kulikuwa na maji ya naitrojeni, baridi kuliko asubuhi yoyote ya Londiani. Aliukumbatia safari nzima kama mtoto mchanga.

Kila Jumatatu chama kilijaza tanki la pikapu, na tanki hilo lilipaswa kutufikisha Jumamosi. Dereva aliyenitangulia alifika Jumamosi. Mimi nilifika Alhamisi. Wiki ya kwanza watu walisema mgeni ni mgeni. Wiki ya nane mwenyekiti aliniita ofisini, akavua miwani, akaniambia kwa upole uliouma kuliko matusi: "Dada, wiki hii petroli ikiisha kabla ya Jumamosi, acha ufunguo hapa mezani. Kuna kijana amerudi kutoka Nakuru, ana leseni."

Nililala nikifikiria, mwanangu, na kufikiria bila kuuliza ni hatari sana. Nilijiuliza petroli inakwenda wapi. Sikufikiria hata kidogo kwamba kila asubuhi nilikuwa ninavuta choki, kile kitufe cha kuizidishia injini petroli ikiwa baridi, mpaka mwisho, ninaiacha injini ikinguruma nusu saa nzima, mimi nimekaa jikoni na kikombe cha chai. Niliamini injini ni kama mtu: haiwezi kutoka kwenye baridi kabla haijapata moto. Hapo nilijiona mpole kwa gari. Kwa hiyo nikatafuta mwizi mahali pengine, na nikamkuta: uzito.

Jumanne nikatoa tairi ya spea, nikaiacha nyumbani nyuma ya banda la kuku. Nikatoa jeki, spana na gunia la viraka. Jumatano nikamtazama Rono.

"Bwana Rono," nikamwambia tulipofika chini ya mlima wa kwanza, "hapa utateremka kidogo."

"Kuna nini?"

"Kuna mlima."

Alinitazama, akautazama mlima, akateremka. Alipanda kwa miguu akiwa amekumbatia mtungi wake, mvuke ukimtoka mdomoni, mimi namsubiri juu. Siku nzima ilikuwa hivyo. Rono akawa abiria wa mteremko tu. Kwa nini hakunikatalia, nilimuuliza baada ya miaka mingi. Akasema alidhani ni amri ya kamati.

Alhamisi asubuhi ikaja habari kutoka chini, kwenye mashamba ya chai. Kogo Tapkigen, bibi kizee aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu aitwaye Chemeri, alituma mtu kusema ng'ombe anataka dume tangu jana jioni. Ng'ombe akifika hali hiyo, muda wake ni mfupi. Ukichelewa, unangoja wiki tatu nyingine. Kwa Kogo tulishachelewa mara mbili, na mara zote mbili ni kwa sababu mimi niliishiwa petroli. Chemeri alikuwa karibu kukauka maziwa. Kogo alilea wajukuu wanne kwa maziwa hayo.

Nikatazama mshale wa petroli. Ulikuwa umelala chini ya nusu, na siku tatu zilikuwa bado. Ndipo nikapata wazo lililonipeleka kwenye michai. Barabara ya kushuka kwa Kogo ni mteremko mrefu. Nikajiambia, injini inayo kazi gani kwenye mteremko? Gari si linakwenda lenyewe?

Mwanzo wa mteremko nikatoa gia, nikazima injini. Kimya kikaingia ndani ya gari, tukawa tunasikia upepo na magurudumu tu. Nilijisikia mtu mwenye akili nyingi. Na ili petroli isiponyoke hata tone, nikachomoa ufunguo kabisa, nikautia mfukoni.

"Dereva," akasema Rono, "huo ufunguo si wa kukaa hapo?"

"Unapumzika," nikamjibu.

Mwanangu, usukani wa gari ukichomoa ufunguo hujifunga. Ni dawa ya wezi. Mimi nilitoka kwenye trekta, sikujua. Kona ilipofika nikageuza usukani, nao ukaenda kidogo, ukagonga mahali, ukakataa. Nikakanyaga breki; ikawa ngumu kama kukanyaga jiwe, kwa sababu breki hizo nazo hutegemea injini kuwa hai. Rono hakupiga kelele. Alifumba macho, akainama juu ya mtungi wake. Tukavuka mtaro, tukapanda michai, na michai ile iliyokatwa sawasawa kama meza ikatupokea na kutushika. Tukasimama. Ndege wakaruka. Mikono yangu ilikuwa bado imeshika usukani.

"Mtungi mzima," akasema Rono. Hakuuliza juu yangu mpaka baadaye.

Aliyetutoa pale ni Mzee Odhiambo. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, amezeekea kwenye trekta za kiwanda cha chai, mrefu, mkavu, mwenye koti la mvua lililofika visigino. Alikuwa anarudi na trela tupu, yeye na mwenzake wa kazi. Akasimamisha trekta, akashuka, akazunguka pikapu yetu mara mbili. Halafu akafunga mnyororo na kutuvuta mpaka barabarani. Tairi moja ya mbele ilikuwa imetobolewa na kisiki.

"Lete spea," akasema.

"Iko nyumbani, Mzee. Nilipunguza uzito."

Akamtazama Rono kutoka kofia hadi viatu. "Na huyu hukumpunguza kwa nini?"

"Hunipunguza kwenye milima," akasema Rono kwa uchungu. "Mimi hutembea."

Mzee Odhiambo aligeuka, akatazama upande mwingine kwa muda, mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena uso wake ulikuwa umetulia. Akamwambia mwenzake amshushie jeki na spana, kisha arudishe trekta kiwandani, kwani zamu ilikuwa imeisha, akatoa kwenye koti lake viraka, gundi na pampu ya mguu, kama vile mtu anayejua kwamba wajinga hupatikana kila barabara. Alipomaliza kuziba ile mbovu, akaanza kubonyeza zile nzima kwa kidole gumba.

"Nyathina," akasema, na kwa lugha ya kwao hilo ni mwanangu, "tairi hizi ulizijaza lini?"

"Mwezi juzi, kule Nakuru, saa nane mchana."

"Jua lilikuwa kali?"

"Sana."

"Baridi ikija, hewa ndani husinyaa. Gari lako linatembea na viatu vilivyolegea, halafu unasema linakula. Pampu hii hapa. Jaza."

Nikapampu zote nne, mbele ya wachuma chai, mpaka jasho likanitoka kwenye ile baridi. Kisha akakaa kando yangu, kwa vile nyumbani kwake kulikuwa njia hiyo hiyo. Rono akapanda nyuma na mtungi wake bila kuambiwa, alishazoea adhabu.

Nilipowasha gari na kuvuta choki, nikakaa nikingoja. Mzee akangoja nami. Baada ya muda akauliza, "Tunamsubiri nani?"

"Injini ipate moto."

"Kila asubuhi unangoja hivi? Muda gani?"

Nikamwambia nusu saa.

"Binti yangu," akasema, "petroli yako haijaibiwa na mlima, wala na huyu bwana mnene. Inaisha nyumbani kwako, gari limesimama. Injini hupata moto ikitembea. Iwashe, ngoja isikike imetulia, uondoke taratibu, huku ukirudisha choki kidogo kidogo. Usiikimbize kabla haijaamka vizuri. Lakini usiiketishe pia."

Njiani akanifundisha mengine kwa mkono wake tu, maana hakuwa mtu wa maneno mengi. Mbele ya kilima alishusha kiganja taratibu: chukua mwendo mapema, usikanyage kwa nguvu katikati. Mbele ya kona aliinua kidole: ondoa mguu sasa, kabla hujahitaji breki. Kwenye mteremko, nilipogusa gia kwa mazoea, alinipiga kofi dogo la mkono. "Gia ibaki," akasema. "Kushuka bila gia ni kuipa barabara gari lako." Akaniuliza pia kwa nini kila nikitoka kwa mkulima mmoja narudi ofisini kabla ya kwenda kwa mwingine. Nikasema ndivyo nilivyokuta. Akasema gari baridi hunywa sana mwanzo wa safari, na mimi nilikuwa na mianzo minane kwa siku.

Kogo Tapkigen alitungoja langoni na fimbo. Aliposikia tumetoka kwenye michai, hakunipa pole.

"Ng'ombe yangu haingoji mtu ajifunze," akasema. "Daktari, pita."

Rono akapita. Nilisimama nje ya boma nikishikilia kofia yake, na ndipo hofu ikanishika sawasawa, si ya kupoteza kazi, ni ya yule bibi na wale wajukuu wanne waliokaa juu ya ua wakinitazama. Ningeweza kumuua Rono. Ningeweza kumkosesha Kogo mara ya tatu. Vyote kwa ajili ya matone ya petroli ambayo ningeyapata kwa kunywa chai yangu haraka.

Tuliporudi, nilikuwa nimeshatunga maneno ya kumwambia mwenyekiti: kwamba ng'ombe alikatiza barabara. Nilimwambia Mzee Odhiambo tulipomshusha kwake. Akafunga mlango, akaegemea dirisha. "Watakuuliza ng'ombe wa nani," akasema. "Hapa kila ng'ombe ana mwenyewe. Sema ukweli, ni mfupi."

Nikasema ukweli wote, mpaka ya ufunguo. Mwenyekiti alisikiliza. Kisha akauliza swali moja tu: "Na Rono alikuwa wapi?"

"Ndani. Ilikuwa mteremko."

Alicheka mpaka akavua miwani tena. Hakuniachisha. Aliniambia nirudishe tairi ya spea na nimrudishe Rono ndani ya gari, kwa mpangilio huo. Wiki ile petroli iliishia Ijumaa, lakini hakunidai ufunguo. Wiki iliyofuata tulifika Jumamosi, na tukabaki na ya kumpeleka Rono kanisani. Chemeri naye, miezi tisa baadaye, alizaa mtamba, Kogo akamwita Chepkarit, yaani yule wa gari. Hakunieleza kama ni sifa au ni masimango, nami sikuuliza.

Sasa wewe, mwanangu, una gari la haibridi, lile linalotumia petroli na betri, na unalalamika kwamba huku kwetu linakunywa kuliko ulivyoahidiwa. Sina elimu ya betri, lakini nimekaa ndani yake asubuhi na nimesikiliza. Ukipandisha hita mpaka mwisho, injini haizimi, kwa kuwa joto lile linatoka kwake. Vaa sweta, uipunguze. Usiliache likinguruma uani. Futa kioo, ondoka, na zile dakika za kwanza nenda kama mtu aliyebeba mayai. Pima hewa ya tairi asubuhi zikiwa baridi, usipime zimetoka kukimbia. Kanyaga breki mapema na kwa ulaini, maana mwendo unaoupunguza polepole ndio unaorudi kwenye betri. Mteremkoni usiweke gia huru, gari lako hilo halijichaji likiwa huru, nawe huna nguvu juu yake. Safari za sokoni, shuleni na zahanati ziunganishe, injini ikiwa bado ina moto.

Na ukitaka kubana kitu, chochote kile, angalia kwanza kile unachokipenda wewe mwenyewe, kabla ya kumteremsha mwenzako atembee. Usipojua, uliza aliyekutangulia. Ukikosea, sema ulivyokosea, hata kama ni kichekesho.

Mungu akutangulie kwenye kona usizoziona. Akupe macho ya mbali na mguu mwepesi, akuepushe na ukungu wa Londiani, na kila utokapo akurudishe mzima, wewe na yeyote uliyemchukua.