Mchi wa Mwalimu Ndikuriyo

Mwalimu Ndikuriyo hajawahi kufundisha darasa lolote. Analima muhogo na maharage hapa Kanazi kama baba zetu wengine. Ila nyimbo za kwaya ya kigango chetu ni za kwake, basi hata watoto wadogo wanamwita Mwalimu. Kila alfajiri kabla ya shamba alikuwa anakaa mlangoni na kuandika, huku mama yake, bibi Anjelika, akitwanga muhogo mkavu uani. Sisi majirani tulishazoea hivyo: mmoja anatwanga, mwingine anaandika.

Bibi alipofariki, Mwalimu akaacha kalamu. Ukoo wao ulitoka Burundi zamani, na kwao mtu hatungi nyimbo za furaha mpaka ndugu wakutane kuondoa msiba. Wanaita kuganduka. Mtama ulipovunwa pombe ikapikwa, ndugu wakaja mpaka kutoka Nyakahura, na mkubwa wa ukoo akamwambia, "Sasa shika jembe lako, shika na kalamu yako." Tukapiga vigelegele. Nilidhani kesho yake tu tutakuwa na wimbo mpya.

Wapi! Mwalimu aliingiza meza chumbani, akafunga mlango, akataka hata kuku wafukuzwe ili pawe kimya. Muhogo siku hizi unasagwa mashineni, kwa hiyo kimya kilikuwepo cha kutosha. Kila alfajiri aliingia, na kila alfajiri alitoka na karatasi nyeupe.

"Shikamoo Mwalimu," nilimwuliza siku moja. "Kwani maneno huwa yanakwenda wapi?"

"Marahaba. Ningejua si ningeyafuata?"

Kisha akaja Adelfina, mwenyekiti wa kwaya, na simu yake mkononi.

"Mwalimu, sikukuu ya mtakatifu somo wetu imekaribia. Jumamosi kama huna wimbo, tunajifunza huu wa kwenye simu."

"Huo unaimbwa kila kigango."

"Angalau upo," akasema Adelfina, akaondoka. Kila mwaka somo wetu aliimbiwa wimbo uliotoka nyumba ile.

Siku iliyofuata nilikwenda kwao asubuhi kuomba moto. Mke wake, mama Gidioni, alikuwa ameshatia majani ya muhogo kwenye kinu, ila mgongo unamuuma. Mwalimu akatoka chumbani na karatasi yake nyeupe. Mama Gidioni akamtazama, akamkabidhi mchi.

"Baba Gidioni, meza imekukataa. Jaribu kinu."

Akaanza kutwanga, shingo upande. Mzee Leonidasi, jirani, alikuwa anapita na ng'ombe.

"Heee! Mwalimu, umeolewa lini?"

"Leo! Na mahari ni hao ng'ombe, waingize ndani!"

Tulicheka mpaka nikasahau moto wangu. Lakini Mwalimu aliacha kucheka kabla yetu. Alitwanga mara mbili, akapumzika. Mara mbili tena, akapumzika. Bibi Anjelika alikuwa anatwanga hivyo hivyo, kwa sababu ya pumzi zake fupi. Nikaona midomo ya Mwalimu inacheza. Ghafla akauacha mchi umesimama kinuni, akakimbilia karatasi.

"Na kisamvu changu?" mama Gidioni akapiga kelele.

"Ngoja kidogo!"

Akaandika mstari, akarudi kutwanga, akaandika mwingine. Karatasi ilijaa alama za vidole vya kijani. Mimi nilirudi nyumbani mikono mitupu, mama akanisema.

Jumamosi Adelfina alisoma ile karatasi, akaigeuza nyuma.

"Beti mbili tu?"

"Wa tatu haujaja. Kisamvu kililainika mapema."

Adelfina alijikaza asicheke, akashindwa. Simu akairudisha kwenye mkoba. Tukajifunza zile beti mbili, na siku ya sikukuu tuliziimba mara mbili ili zionekane nyingi. Sauti ya kwanza inapanda juu mno, hata Mwalimu mwenyewe anakubali. Lakini pale katikati, ukisikiliza vizuri, kuna kutwanga na kuna kupumua.

Sasa kila alfajiri nikiwa bado kitandani nausikia mchi, halafu kimya, halafu mchi. Kile kimya ndipo anaandika. Mwanawe Gidioni, ambaye tunasoma darasa moja, analalamika kwamba kwao wanakula kisamvu kila siku. Nimemwambia avumilie, nyimbo za Noeli hazijaanza.