Askari Niliyemdhani Kiziwi

Juzi sokoni Bukoba askari alimpiga kirungu mwanamke wa kijiji cha Buganguzi kwa sababu hakumjibu kwa Kiswahili. Niliingia kati, mtoto wangu mgongoni, nikamwuliza, "Angejibu vipi asichokielewa?" Bado nina hasira.

Nikakumbuka alasiri moja kwetu Kishanda, nilipokuwa msichana mdogo, kahawa ikinukia juani kwenye mikeka. Askari mgeni alikuja kukagua mibuni. "Simama!" alimwambia mama. Mama hakujua Kiswahili. Alipiga magoti akamwamkia kwa Kihaya, kama tunavyomwamkia mgeni wa heshima.

"Nimesema simama! Unanidharau?" Kirungu kikatua begani mwake. Mama akazidi kuinama, akaamkia upya, kwa upole zaidi.

Mimi nilidhani yule mtu ni kiziwi, maana anaamkiwa vizuri naye anazidi kupiga kelele. Nikamhurumia, mjinga mimi! Lakini "simama" nililijua. Mwalimu alituamuru hivyo kila asubuhi. Kirungu kilipoinuka tena nilimvuta mama mkono, nikamwambia kwa Kihaya, "Mama, anataka usimame."

Akasimama. Askari akanitazama.

"Kumbe wewe unajua Kiswahili?"

"Najua. Mama alikuwa anakuamkia."

Mkono wake ukashuka polepole. "Mwambie... mwambie marahaba."

Pole hakusema, na mama alikandwa bega siku nne. Lakini jioni ile mama alipomsimulia baba, ambaye wiki nzima alikuwa akitaka kunitoa shule nikalime, baba aliniambia, "Lala mapema. Kesho usichelewe darasani."