Pasi ya Reli ya Jirani

Juzi karani wa basi alimtazama mwanangu niliyembeba mgongoni, akasema alipe kiti kizima kwa kuwa ni msimu wa sikukuu. Nilimtukana. Sijivunii, lakini nilimtukana. Nikarudi bila tiketi, na njia nzima nilikuwa mtaani Jericho, Nairobi, miaka ya tisini, katika chumba chetu kimoja kilichonuka mafuta taa.

Wewe uliyelelewa huko unajua: hakuna mtu mzima aliyekiita kile chumba nyumbani. Nyumbani kulikuwa magharibi, kwa nyanya. Nairobi tulikuwa wageni, na mgeni hununua kila kitu, hata majani ya kunde ambayo nyanya aliyachuma tu nyuma ya jiko. Baba alifanya kibarua kiwandani, siku akiitwa. Nauli ya kwenda kwetu ilikuwa unga wa mwezi mzima. "Huku tunaishi," mama alizoea kusema, "kule tunazikwa."

Nyanya akafa. Mama alizunguka mtaa mzima akikopa, akarudi na nusu ya nauli. Ndipo akamwendea rafiki yake wa sokoni, mama mmoja wa Makongeni, mtaa jirani, ambaye mumewe alifanya kazi reli. Familia yao ilikuwa na pasi ya kusafiri bure wakati wa likizo, majina ya wote yameandikwa, nao walikuwa wanaondoka kesho yake kwenda huko huko magharibi.

"Niazime nafasi yako," mama akasema.

"Uende kama mke wa mume wangu?" Yule mama alicheka, ingawa aliyaona macho ya mama yalivyovimba. "Dada, nitakuazima sufuria, nitakuazima kitanda. Mume, hapana! Lakini msichana wangu ni rika la huyu wako. Abaki kwako, huyu aende."

Basi nikiwa na miaka tisa nikawa mtoto wa watu. Mama alinisuka upya huku akinifunza. "Kule usiseme hatuna nauli. Sema mdogo wako amelazwa hospitalini. Umesikia? Wasitucheke." Nikauliza kama si vibaya kudanganya matangani. Akanivuta nywele.

Mkaguzi wa tiketi aliponiuliza jina, nilitaja la yule msichana bila kupepesa macho. Asubuhi wakanishusha njia panda ya kwetu.

Kwa nyanya kulinukia kuni na chai ya maziwa mazito, si kama ile ya kwetu iliyokuwa maji yenye rangi. Mama mdogo, mdogo wake mama, aliponiona nimekuja peke yangu alijipiga paja. "Ametuma mtoto kama watu wanavyotuma sukari! Nairobi imekuwa tamu hivyo?" Wanawake wakaguna. Nikasema nilichofunzwa. Mmoja wao akanivuta akanikumbatia.

Nilitupa udongo kaburini mara mbili, mara moja kwa ajili ya mama. Kisha mama mdogo akatandika leso, watu wakamchangia mgonjwa ambaye hakuwapo. Wazee wa kanisa walitoa, muuza mkaa alitoa, hata aliyechimba kaburi alitoa. Akanifunga ile leso kiunoni. "Mwambie dada asilie. Mtoto kwanza."

Niliporudi Nairobi, mama aliifungua leso kitandani, akahesabu. Ilitosha nauli ya kwenda na kurudi, na chenji juu. Angewaambia tu kwamba amekwama, wangemchangia hizo hizo, na wangemngoja. Alicheka, halafu akageukia ukuta. Nilidhani ataenda walau kuliona kaburi. Wapi! Mwenye duka alikuwa mlangoni, unga umeisha. Wiki mbili tulikula vizuri, na mimi, Mungu anisamehe, niliomba kuongezewa.

Leo ile treni haipo, wala pasi. Mama wa Makongeni sijui aliishia wapi, na hapa ninapokaa sasa mlango wa pili siujui ni wa nani, sembuse kuniazima nafasi ya mwanawe.

Mwaka jana tulimzika mama. Mama mdogo alisimama mbele ya watu wote akasema amemsamehe dada yake, ingawa hakuja kumzika mama yao. Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama na mtoto mgongoni, nikasema: "Hakukuwa na mtoto aliyelazwa. Hakuwa na nauli."

Mama mdogo alinishika mkono kwa nguvu, akanikalisha. "Nyamaza," akasema. "Usimwaibishe mama yako mbele ya watu."