Nilimpa Kukhu Kaburi la Mtu Mwingine

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie kisingizio. Kuna mama mzee amezikwa kando ya mwanamume asiyemjua, huko Amerika, na aliyempeleka hapo ni mimi, nikiwa nimekaa sebuleni kwangu hapa Kitengela na kikombe cha chai.

Wacha nianze vizuri, kwa sababu nikianza kulia hamtaelewa kitu.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Kwetu ni Bungoma, lakini tumepanga hapa Kitengela tangu tuoane. Baba Faith anatoka asubuhi kwenda kazini Nairobi, mimi nabaki na kompyuta. Kazi yangu ni ya mtandaoni. Wazungu wanaotafuta historia ya watu wao wananitumia picha za makaratasi ya zamani: barua, vitabu vya kanisa, orodha za waliobatizwa na waliozikwa. Nasoma, napanga, nawaandikia maisha ya mtu wao kutoka kuzaliwa mpaka kufa. Niko na jicho la mwandiko. Nilikuwa najisifu kwa hilo jicho mpaka kanisani!

Mwaka jana nikapata huyu mama. Alikuwa na miaka themanini na kitu, moyo mgonjwa, anaishi shambani katikati ya Amerika, mahali pa mahindi na nguruwe. Mimi nilidhani Amerika yote ni maghorofa. Kumbe kuna watu huko wanaamka kukamua kama sisi! Akaniuliza kwetu nyanya anaitwaje. Nikamwambia sisi Waluhya tunasema kukhu. Alilipenda hilo neno, ikawa kila barua pepe anamalizia "Kukhu wako". Aki nilimpenda huyo mzee.

Alitaka kitu kimoja tu. Mama yake alikufa akimzaa, akalelewa na babu yake, mkulima. Alipofika miaka saba shangazi akaja na gari, akamchukua, akampeleka mbali. Hakumwona babu tena. Aliambiwa babu amechoka naye. Alimwandikia, hakujibiwa. Akakua, akaolewa, akazaa, akazeeka, na hilo jambo bado liko kifuani.

Akaniambia, "Nitafutie mahali amelala. Nataka nilale kando yake, nimuulize kwa nini alinipeana."

Jina la babu sitalitaja. Lakini huko kwao ni jina la kawaida sana, vile ukiita Wafula sokoni Bungoma wanaume ishirini wanageuka.

Nikachimba wiki tatu. Nikampata kwenye kitabu cha mazishi cha kanisa moja dogo. Jina ndilo, umri unakaribiana, kazi ni mkulima. Kitu kimoja tu kilikataa: mke wa huyu alikuwa na jina lingine kabisa. Nikakaa nalo, ngoja niseme ukweli, dakika tano. Nikajiambia, si labda alioa tena? Wanaume ni wanaume!

Na kulikuwa na furushi la barua sijagusa. Kukhu alizipata kwenye sanduku la yule shangazi baada ya kufa kwake. Zilikuwa za Kijerumani, kwa sababu wakulima wengi wa pande hizo wazee wao walitoka Ujerumani. Kukhu mwenyewe hiyo lugha ilishampotea. Mimi niliona mwandiko umejikunjakunja, nikachoka kabla sijaanza. Nikaziruka. Mimi, mwenye jicho!

Nikamwandikia, "Kukhu, tumempata!"

Alinipigia jioni hiyohiyo kwa video, analia, anacheka, miwani imejaa machozi. Wiki iliyofuata mwanawe akamwendesha mpaka hapo. Alinitumia picha akiwa ameinama, ameweka mkono juu ya jiwe. Chini ameandika, "Nimemwambia nimemsamehe." Akanunua nafasi iliyo kando ya hilo jiwe. Mimi nikaonyesha watu hiyo picha mpaka simu ikaisha chaji.

Sasa sikieni vile Mungu alinishika.

Mteja mwingine alitaka mtu anayejua Kijerumani. Nikamtafuta dada mmoja wa Gataka, kule Rongai, anayefundisha manesi wanaoenda kufanya kazi Ujerumani. Siku ya pili tulipokutana nikabeba zile barua za Kukhu za kufanyia mazoezi, na pia, nisijifiche, nilitaka aone kazi yangu ni kubwa kiasi gani. Mimi nikawa namtambulishia herufi, yeye ananipa maana.

Barua ya kwanza ilikuwa ya babu. Anamwandikia yule shangazi, ambaye ni binti yake. "Mrudishe mtoto. Ulisema ni kwa majira ya baridi tu." Ya pili, "Nimemtengenezea kitanda kipya, kile cha zamani alishakizidi." Ya tatu, ya nne, mrudishe mtoto, mrudishe mtoto. Ya mwisho haikuwa yake. Ilikuwa ya mtunzaji wa nyumba ya maskini, kaunti nyingine kabisa. Mzee ameugulia huko, amefia huko, amezikwa kwenye uwanja wao, kaburi halina jina, lina namba. Na mpaka siku ya mwisho alikuwa akiuliza kama msichana amefika.

Yule dada akaniangalia. "Mama Faith, uko sawa?"

Sikuwa sawa! Kukhu alikuwa amemsamehe mtu baki, kwa kosa ambalo babu yake hakufanya!

Kukhu alikuwa hai siku hiyo. Shikeni hapo. Alikuwa hai, na simu yangu ilikuwa na chaji.

Nikamwambia Baba Faith. Akasema, "Wacha hiyo maneno. Mzee wa watu ashapata amani, wewe unataka kumuua na moyo?" Nikashika hilo neno kama dawa. Lakini wapi! Nikipika, naungua. Nikianua nguo naacha nusu kwa kamba. Nilikuwa nafungua kompyuta, naandika "Kukhu mpendwa", nafuta. Naandika tena, nafuta. Nilitaka kupata maneno ambayo yatasema nilikosea bila kunifanya nionekane mjinga. Hayapo, nimeyatafuta.

Siku ya nane tangu tusome zile barua, nikaenda mazishi. Rafiki yangu Mama Naserian wa Kisaju, anayeniletea maziwa, alifiwa na baba yake, tukaenda kwao huko mbele ya Kajiado. Wazee walikuwa wameonyesha vijana pa kuchimba, karibu na barabara, udongo laini. Mjane wa mzee, mama mfupi hivi wa shanga, akatoka akasema kwa Kimaasai kitu kikali sana. Vijana wakaweka majembe chini. Nikauliza amesema nini. Wakaniambia anasema wachimbe juu kule kwenye mawe, kwa sababu huko kuna nafasi ya wawili, na yeye hatalala peke yake. Wakahama, wakaanza upya kwenye mawe, jua kali, na hakuna aliyenung'unika.

Nikaanza kulia. Nililia mpaka wamama wakanishika mabega. Mama Naserian aliyefiwa ndiye akanibembeleza mimi!

"Wooi Mama Faith, nyamaza. Mzee alikuwa amekula chumvi."

Nikamwambia si mzee wako ninamlilia, nisamehe. Nikamweleza yote, hapo hapo kando ya tanki la maji. Alisikiliza mpaka mwisho, amefunga mikono.

"Huyo mama bado iko?"

"Yuko."

"Sasa unangoja nini? Mpigie. Leo, si kesho."

"Moyo wake ni mgonjwa, Mama Naserian."

"Ni moyo yake ama ni aibu yako?"

Nilimpandishia sauti, nikamwambia hajui kazi yangu. Mfiwa wa watu! Halafu nikarudi Kitengela na sikupiga. Kulikuwa na nguo za shule, kulikuwa na maji yamepotea, nikangoja lori la maji. Kila mara kulikuwa na kitu.

Siku ya kumi na moja, saa tatu usiku, nikapiga. Akashika simu mwanawe.

Akasema, "Nilikuwa karibu kukutafuta. Mama alitutoka juzi Jumapili. Tumemlaza leo asubuhi kando ya babu yake, vile alitaka." Akanishukuru. Jamani, alinishukuru! Akanitumia karatasi ya ibada, na chini kabisa, baada ya majina ya wajukuu, kuna jina langu. "Rafiki yetu wa Kenya, aliyemrudisha nyumbani."

Nikasema pole. Nikakata simu. Nikaingia choo nikajifungia, na watoto wanagonga.

Nilikaa na hilo mwezi mzima. Kazi nimeiacha, siwezi kufungua kitabu cha mazishi cha mtu yeyote. Na Mama Naserian maziwa anaacha kwa lango, haingii tena.

Juzi ndipo nilimtumia mwanawe barua zote, na maana yake, na ungamo langu. Nilimwambia babu yuko wapi na namba ya kaburi. Nilimwambia mama yake hakupeanwa, aliibiwa, na babu alimuulizia mpaka mwisho.

Alijibu jana. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Aliandika mstari mmoja: "Ulijua haya kabla hajafa?"

Sijamjibu bado. Jibu ni ndiyo.

Ninyi mnaonisoma, kama mna habari ya mtu mikononi mwenu, habari yake mwenyewe, ya watu wake, msikae nayo mkitafuta namna ya kuisema bila kuaibika. Muiseme vibaya. Muiseme mkilia. Mtukanwe, msamehewe au msisamehewe. Mimi nilikuwa na siku tisa za kumwambia mzee wa watu kwamba alipendwa, na nilizitumia zote kujitunzia jina.